Mpango wa umeme wa saa za kilele hapa Phoenix: uzoefu wangu

Ninaishi Phoenix, Arizona, kwenye nyumba ambayo kila kitu ni cha umeme: kiyoyozi, hita ya maji, jiko, hadi mashine ya kukaushia nguo. Niko kwenye mpango wa APS, kampuni ya umeme ya huku, wenye saa za kilele pamoja na tozo ya mzigo. Nimepita nao kiangazi kizima na nausifu, ila haumfai kila mtu.

Kilele ni saa 10 jioni hadi saa 1 usiku, Jumatatu hadi Ijumaa. Nje ya hapo, wikendi ikiwemo, uniti ni rahisi. Kazi iko kwenye tozo ya mzigo. Mita inapima kila saa ya kilele, kisha inachukua ile saa moja uliyovuta umeme mwingi kuliko zote mwezi huo, na unatozwa kwa kilowati za saa hiyo. Kiangazi, kila kilowati ni zaidi ya dola 15. Sisi tuliozoea LUKU, ile mita ya Tanzania ya kulipia umeme kabla, huangalia uniti zimebaki ngapi. Huku unaangalia ni vitu gani vimewaka kwa pamoja.

Piga hesabu. Kiyoyozi changu kinakula kama kilowati 3. Kikifanya kazi peke yake saa nzima, tozo ni zaidi ya dola 45. Ongeza mashine ya kukaushia nguo ya kilowati 5 na hita ya 4.5, vyote vikiwaka saa hiyohiyo: umefika 12.5, yaani zaidi ya dola 180 kwa jioni moja tu. Hata ukijibana mwezi wote uliobaki, tozo hiyo haishuki.

Hita nimeifungia taima: inazima kabla ya saa 10 na kurudi saa 1 ikishapita, na maji ya moto yaliyomo kwenye tangi yanatosha watu kuoga. Nguo tunakausha Jumamosi. Maharage yanachemshwa asubuhi, na mama mkwe ndiye msimamizi: "Baba, saa kumi hiyo inaingia, oveni imezimwa?"

Kiyoyozi nakishusha hadi nyuzi 74 za Farenhaiti kuanzia saa 7 mchana, kuta na makochi vipoe, halafu saa 10 nakipandisha hadi 79. Siku za joto la wastani kinakaa kimya muda mrefu. Siku za joto kali kinawaka mapema, nami nakiacha kiwake. Kuanzia Juni 30 hadi Julai 30, 2023, Phoenix ilifululiza siku 31 za nyuzi 110 na zaidi, na mwaka huo kaunti ya Maricopa ilirekodi vifo 645 vilivyohusishwa na joto. Tafadhalini, msimzimie mzee au mtoto mchanga kiyoyozi kwa ajili ya bili.

Kabla ya kujiunga, fungua akaunti yako utazame grafu ya matumizi ya saa kwa saa. Kama nguzo za saa 10 hadi saa 1 ni ndefu kwa sababu usizoweza kuzihamisha, mfano mgonjwa au watoto wadogo wanaoshinda nyumbani, chukua mpango wa saa usio na tozo ya mzigo. Kama zinahamishika, hamia Novemba, bei za kiangazi zikiwa zimeisha, ili nyumba nzima izoee ratiba kabla ya Mei.