Nimejitolea ubongo wangu upigwe picha, mrejesho wangu huu hapa (nyota 4 kati ya 5)

Wadau mnaofikiria kujiunga na zile tafiti za picha za ubongo, zinazochunguza usingizi na sonona (ile huzuni nzito isiyoisha) na hatari ya kupata Alzheimer, ule ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, someni hapa kwanza maana mi kabla sijaenda nilitafuta mtu aliyepitia anisimulie sikumpata, kila mtu anaongelea matokeo, hakuna anayekwambia kwamba ndani ya ile mashine pua itakuwasha na huruhusiwi kujikuna.

Mi ni mama wa miaka 58. Mama yangu mzazi alianza kusahau kidogokidogo, mwanzo funguo, baadae majina ya wajukuu, mwisho akawa ananiita mimi dada yake na mi naitika tu. Alafu mwenyewe sonona ilinipiga nikiwa na arobaini na kitu, nikatibiwa nikapona lakini usingizi haukurudi kama zamani, saa tisa usiku macho kodo. Kwahiyo niliposikia wanatafuta watu wa umri wangu wenye historia ya hivyo nikasema basi hapa ni mimi kabisa. Kituo sikitaji.

Tuanze na usiku wa kulala maabara. Chumba kisafi, kitanda kizuri, nesi mpole, shida ni nyaya. Elektrodi, vile vihisio vya kunasa umeme wa mwili, kichwani kwa gundi, mbili pembeni ya macho, nyingine kidevuni, miguuni, mkanda wa kifua, kimrija puani, kibanio kidoleni, ukijiangalia kwenye kioo unacheka mwenyewe. Nikamuuliza kijana wa mitambo, mwanangu, kidevuni mnatafuta nini? Akasema ukiingia kwenye usingizi wa ndoto misuli inalegea kabisa, kidevu kinawaambia, na macho yanakimbiakimbia chini ya kope, hivyo vitu viwili vikikutana wanajua unaota. Sawa. Ila kulala sasa! Niligeuka nyaya zinanivuta, nikahisi sijafumba jicho hata dakika, asubuhi wananionyesha grafu kumbe nimelala masaa matano na zaidi. Hapo ndo nikaelewa kwanini hawaamini maneno ya mtu peke yake wanataka na umeme wa ubongo.

Wanachokitafuta zaidi pale ni usingizi mzito, ule wa mawimbi makubwa ya polepole, ambao unapungua umri ukienda. Mwaka 2019 watafiti wa Boston, Marekani, walilaza watu ndani ya MRI, ile mashine ya kupiga picha kwa sumaku, wakaona maji yanayouzunguka ubongo yanaingia na kutoka kwa kufuata hayo mawimbi. Wazo lenyewe ni kwamba usiku ubongo unaoshwa taka, ikiwemo amiloidi, ile protini inayojikusanya kwenye ubongo wa mgonjwa wa Alzheimer. Mwaka 2013 kwenye panya walionyesha nafasi kati ya seli inatanuka kama asilimia 60 wakilala, watu wakashangilia, alafu 2024 watafiti wengine wakapima panya pia wakasema mbona sisi tunaona uoshaji unapungua wakati wa usingizi. Mabishano bado yanaendelea. Nimelisema hili kwasababu mitandaoni utaambiwa lala uoshe ubongo kama vile ni jambo lililokwisha.

MRI. Hii ndo sehemu iliyonitesa na kunichekesha. Unavua kila chuma, hereni, pini za nywele, sidiria yenye waya, sababu ni sumaku kali sana, ya tesla 3, na inafanya kazi muda wote, hawaizimi wewe ukiingia. Unawekewa vizibo vya masikio maana kelele zinapita desibeli 100, mara inagonga kama fundi bati mara inalia kama king'ora, na kichwa kimebanwa. Picha za kwanza ni za umbo, wanapima hasa hipokampasi, kisehemu kidogo cha kumbukumbu ambacho Alzheimer inakishambulia mapema, na kwa watu wenye sonona nako tafiti zimekikuta kidogo zaidi kwa wastani, tofauti ya kama asilimia 1 tu lakini ipo. Kisha ikaja ile picha ya kupumzika, wakaniambia mama, angalia huo msalaba kwenye skrini, usifanye kitu, usiwaze kitu maalum, ila USILALE. Jamani. Na uchovu wa usiku ule na lile dude linavyonguruma, dakika ya tatu nikawa nakoroma, wakaniamsha kwa spika wakarudia upya. Usiku wa kulala sikulala vizuri, mchana wa kutolala nikalala, na ni utafiti wa usingizi.

PET, aina nyingine ya picha ya ubongo, ilikuwa rahisi kuliko nilivyoogopa. Wanakuchoma sindano ya dawa yenye mionzi kidogo inayonata kwenye amiloidi, unakaa unasubiri, alafu unalala kwenye mashine kimya kabisa, haina makelele. Usichelewe tu siku hiyo, dawa inatumia florini-18 ambayo nguvu yake inapungua nusu kila dakika 110 hivi, imetengenezwa kwa ajili yako asubuhi hiyohiyo na haitunziki. Mionzi ni kama milisivati 7, karibu na unayopata ukiishi tu duniani miaka miwili mitatu. Zamani kabla ya hizi dawa, moja ya zile za mwanzo iliripotiwa kwa binadamu 2004, njia ya uhakika ya kuiona amiloidi ilikuwa kuupasua ubongo mtu akishakufa, hivyo nilivyolala pale nilikuwa najiambia angalau mimi nachunguzwa nikiwa hai.

Madodoso sikuyapenda. Lile la sonona lina maswali 9, la mwisho linauliza kama umewahi kuwaza bora ufe, na nilipewa kwenye tableti korido ambayo watu wanapita na vikombe vyao. Swali kama hilo mtu anatakiwa afungiwe mlango. Niliwaambia, wakaomba radhi, dodoso la pili nikafanyia ofisini.

Sasa nyota niliyokata. Kipeperushi chao kiliandika "ijue afya ya ubongo wako", na mi nilikwenda kwa hilo, nataka kujua kama nitakuwa kama mama. Hawakuambii! Kwenye fomu ya ridhaa imeandikwa kurasa za nyuma kabisa kwamba matokeo ya amiloidi hayatolewi, na kusema kweli nilisaini bila kufika huko, kosa langu, lakini na kipeperushi nacho kisidanganye. Nililalamika, akaja mtafiti mkuu mwenyewe, akakaa na mimi karibu saa nzima, na alichosema kilinituliza zaidi ya jibu lenyewe. Kasema kuna wazee wengi wana amiloidi kichwani na akili zao timamu mpaka wanakufa, hivyo picha moja ya mtu mmoja asiye na dalili haitabiri kitu cha kumpangia maisha. Wao wanalinganisha makundi.

Nikamuuliza haya, usingizi mbovu na sonona ndo vinaleta ugonjwa au ugonjwa ndo unaleta hivyo? Akacheka, akasema mama, hilo swali ndo linalipa mshahara wangu. Kuna jaribio la 2018 kule Marekani, watu 20 wenye afya walikeshwa usiku mmoja tu wakapigwa PET, amiloidi ikaonekana kupanda kama asilimia 5, kwenye eneo la hipokampasi pia. Hiyo inaelekeza usingizi mbovu ndo chanzo. Uingereza wamefuatilia watumishi wa serikali karibu 8,000 kwa miaka 25, waliodumu na masaa 6 au pungufu ya kulala toka umri wa miaka 50 hadi 70 hatari yao ya dimensia, yaani kupungukiwa kumbukumbu na akili kama kwenye Alzheimer, ilikuwa juu kwa asilimia 30. Lakini upande wa pili ugonjwa unaanza kimya miaka mingi kabla ya dalili, kwahiyo huzuni ya mtu wa miaka 65 inaweza kuwa ndo ugonjwa wenyewe unabisha hodi. Sonona imo kwenye orodha ya 2024 ya jarida la kitabibu la Lancet, ya mambo 14 yanayoongeza hatari ya dimensia na yanayoweza kurekebishwa, usingizi haumo. Nilibaki mdomo wazi, nilidhani ungekuwa namba moja. Kasema ushahidi wake bado haujawatosha.

Ila kuna kitu nilipata ambacho sikukitegemea. Usiku ule wa nyaya waliona pumzi yangu inakatika mara nyingi nikiwa usingizini, wakaniandikia barua niipeleke kwa daktari, na sasa nalala na mashine ya hewa, saa tisa usiku siku hizi naisikia kwa majirani. Nilikwenda kutafuta Alzheimer nikarudi na mkoromo. Miaka yote hiyo nilikuwa nasingizia sonona.

Wenye kifaa cha moyo au chuma mwilini waulizeni kabla hamjapanga safari, wenye kuogopa sehemu za kubanwa pia. Na kama shida yako ni kukosa usingizi tu usije huku, nenda hospitali uombe ile tiba ya mazungumzo ya kubadili tabia za kulala, ndo inayopendekezwa kwanza kabla ya vidonge, huku hawatibu.

Wataniita tena baada ya miaka miwili walinganishe picha. Nimekubali, ila nimewaambia gundi ya elektrodi watafute nyingine, ile imekaa kwenye nywele zangu siku tatu.