Ultrasaundi ya umioni kwa ateri za shingo: haifiki njia panda

Kama unachotaka kujua ni iwapo karotidi, ateri kubwa ya shingoni, imeziba, usikubali kumezeshwa probu, yaani kifaa cha ultrasaundi kinachoshushwa hadi umioni. Lala chali, upakwe jeli shingoni, na nusu saa haiishi umeshamaliza. Probu bapa ya megahezi 7 hadi 12 huonyesha vizuri ile njia panda ambapo karotidi hugawanyika, tawi moja likienda kwenye ubongo na jingine usoni. Hapo ndipo mafuta hupenda kuganda.

Probu ya umio haifiki huko, na kosa si la mashine. Umio huanza usawa wa pingili ya sita ya shingo, kama sentimita 15 hadi 18 kutoka meno ya mbele, wakati njia panda kwa watu wengi iko pingili ya tatu au ya nne. Kuifuata ni kuiacha probu ikae kooni, mahali ambapo hata kijiti cha kukandamizia ulimi kinamtapisha mtu.

Nyota tatu kati ya tano ultrasaundi ya umioni inazipata kwa kazi nyingine: kuona chini ya shingo, nyuma ya mfupa wa kifua, ambako jeli haisaidii sana. Tafuta kwanza aota ya kifua, ateri kuu inayotoka moyoni, kisha vuta probu taratibu. Kati ya sentimita 20 na 25, pembe ya mawimbi ikiwa nyuzi 0, tao la aota hulala kwenye skrini kama soseji. Peleka pembe kwenye 90, soseji igeuke duara. Ukizungusha probu kidogo kushoto unapata subklavia, ateri inayokwenda mkononi. Ukirudisha kulia, karotidi ya kushoto inachomoza. Vuta polepole uifuate inavyopanda. Kipimo cha rangi zinazoonyesha mwendo wa damu kishushwe hadi sentimita 30 au 40 kwa sekunde, maana kikiachwa juu kama cha moyo, mtiririko wa taratibu hauonekani.

Wanaojifunza hukosea kwenye mshipa mkubwa wa vena unaopita jirani na tao, wakauandika kuwa ateri. Weka Doppler ya mapigo, kipimo cha kasi ya damu. Vena hutiririka mfululizo bila pigo kali. Karotidi hupiga na moyo, na damu yake huendelea kwenda mbele hata moyo unapolegea, kwa kuwa ubongo hauachi kunywa. Subklavia, mkono ukiwa umepumzika, hurudi nyuma kidogo halafu hukaribia sifuri.

Upande wa kulia ni hasara. Hewa ya koromeo la pumzi huziba njia ya mawimbi, na shina linalozaa karotidi ya kulia mara nyingi halionekani. Ripoti iseme “haikuonekana”. Anayeandika “hakuna tatizo” anakisia. Tatizo jingine ni kasi. Ateri hizi hupanda sambamba na umio, kwa hiyo mawimbi huzikata karibu kwa nyuzi 90 na Doppler hudanganya. Viwango vya sentimita 125 na 230 kwa sekunde, vinavyotumika kukadiria ufinyu wa asilimia 50 na 70, vilitungwa kwa tawi la ubongo likipimwa shingoni, pembe isizidi nyuzi 60. Kuvihamishia umioni ni kosa.

Thamani yake kamili huonekana chumba cha upasuaji, ukuta wa aota unapochanika. Mgonjwa tayari amelala, na probu huonyesha kama mpasuko umeingia kwenye karotidi ya kushoto na kama damu bado inapita mashine ya moyo ikiwashwa. Kwa aliyepata kiharusi kisichojulikana chanzo, utando wa mafuta wenye unene wa milimita 4 au zaidi kwenye tao ni taarifa nzito.

Anayefanyiwa akiwa macho asile kwa saa 6 na asinywe maji kwa saa 2. Aseme mapema kama chakula humkwama, kama hutapika damu au aliwahi kupasuliwa umio. Lidokeni, dawa ya ganzi ya kupuliza kooni, ya asilimia 10 hutoa miligramu 10 kila mpulizo, basi ihesabiwe. Magurudumu ya kukunja ncha yaachwe huru wakati wa kuingiza, na probu ikigoma isisukumwe: umio kutoboka ni nadra, lakini huweza kuua. Baadaye asiguse chai hadi ganzi iishe, ataungua au apaliwe.

Kabla ya kulipa, uliza probu husafishwaje. Baada ya kuoshwa kwa sabuni ya vimeng'enya, iloweshwe kwenye OPA, dawa ya kuua vijidudu, ya asilimia 0.55 kwa dakika 12, nyuzi 20, kisha isuuzwe kwa maji mengi. Mpini na plagi havizamishwi. Ganda likiwa na alama ya meno, probu ipimwe uvujaji wa umeme kabla ya mgonjwa anayefuata.