Ukaguzi wa App Store na Google Play: mahali programu zinapokwama

Nimepeleka programu kwenye maduka yote mawili, na maoni yangu ni kwamba ukaguzi wenyewe hautishi. Mkaguzi anafungua programu, anabonyezabonyeza, kisha analinganisha anachokiona na ulichojaza kwenye fomu. Ukikataliwa, anza kutafuta kosa kwenye tofauti ya hivyo viwili.

Kwenye App Store, kifungu cha kanuni za Apple cha kukijua kwanza ni 2.1: programu iwe imekamilika. Ikijifunga ghafla, hapo hakuna mjadala. Kinachosahaulika ni mlango wa kuingilia. Programu inadai akaunti na mkaguzi hana, au anayo ila namba ya uthibitisho inakwenda kwenye simu ya mtu mwingine. Andika jina na nenosiri la akaunti ya majaribio kwenye maelezo ya ukaguzi, ipe namba ya uthibitisho isiyobadilika, na uijaze data ya kutosha ili skrini zisiwe tupu. Seva iwe hewani hadi jibu litoke. Kama umeifungia programu nchi moja, mkaguzi aliye nje ataona programu mbovu. Jaribu pia kwenye iPad hata kama ulilenga iPhone tu, na kwenye mtandao wa IPv6 (mfumo mpya wa anwani za intaneti) pekee. Kanuni zinadai vyote viwili, na ile hitilafu ambayo wewe hujawahi kuiona huweza kuwa imejificha huko.

Faragha ndipo penye kazi. Ukiomba kamera kwa maneno "programu inahitaji kamera", utarudishwa. "Kamera hutumika kusoma msimbo wa QR ulio kwenye tiketi yako" inaeleweka. Programu inayomfungulia mtu akaunti lazima imwezeshe kuifuta humo humo ndani. Apple ilianza kulisimamia hili tarehe 30 Juni 2022, na kuzima akaunti kwa muda hakuhesabiki kuwa kufuta. Google inaongeza sharti la kiungo cha wavuti, kwa ajili ya mtu aliyekwisha kuiondoa programu kwenye simu yake.

Fomu ya usalama wa data ya Google Play ni mtego wa maktaba za watu wengine, yaani msimbo uliotengenezwa na wengine unaouweka ndani ya programu yako. Unajaza kwamba hukusanyi chochote, kumbe maktaba ya matangazo inatuma kitambulisho cha matangazo cha simu. Maktaba hizo hizo huingiza ruhusa ambazo hukuziomba, kwa hiyo soma manifesti (faili linaloorodhesha ruhusa za programu) ya mwisho iliyounganishwa, usiishie kwenye ile uliyoandika mwenyewe. Ruhusa ya SMS, ya orodha ya simu zilizopigwa na ya mahali mtumiaji alipo wakati programu imefungwa zote zina fomu zake za tamko, na hiyo ya mahali huambatana na video fupi. Kama unaweza kuishi bila hizo, zitoe. Sera ya faragha nayo iwe ukurasa unaofunguka kwa kila mtu. Faili la PDF halikubaliwi.

Malipo yana mpaka ulio wazi kuliko watu wanavyodhani: bidhaa halisi inayosafirishwa haipiti kwenye mfumo wa malipo wa duka, ila maudhui ya kidijitali kwa kawaida hupita, ingawa baadhi ya nchi zina utaratibu wao. Kwa usajili wa kulipia, skrini ionyeshe bei, muda, masharti na kitufe cha kurejesha manunuzi ya awali, mfano mtu akibadilisha simu. Na tovuti iliyofungwa tu ndani ya programu itagonga kifungu 4.2 cha Apple, kinachodai programu iwe zaidi ya tovuti, hiyo usiipeleke.

Mwenye akaunti binafsi ya Google iliyofunguliwa baada ya tarehe 13 Novemba 2023 ana hatua ya ziada: jaribio la faragha lenye wajaribu 12 kwa siku 14 mfululizo kabla ya kuomba kutoa programu hadharani. Zamani walikuwa 20. Alika zaidi ya 12, maana wengine hujitoa njiani.

Ukikataliwa, usikimbilie kupakia upya. Google huweza kuisimamisha kabisa programu inayokataliwa kila mara. Kwa Apple, jibu kwenye ujumbe ule ule, ambatanisha video ya skrini, na uulize ni hatua ipi iliyoshindikana na kwenye kifaa gani. Kosa likiwa kwenye maelezo au picha za skrini tu, unarekebisha na kuwasilisha tena bila kujenga toleo jipya.