Besi imekubali, leseni imenigomea

Msinunue hii plagini ya besi, kiprogramu cha kuongezea kwenye programu ya kurekodia ili besi isikike. Au nunueni kama mnaishi mahali ambapo mtandao haukatiki, huko sina ugomvi nanyi. Mimi niko Mwanga, Kigoma, narekodi kwaya na wasanii wa hapa, na hawa jamaa wanaoiuza wamenivunjia heshima mbele ya mtu mzima.

Nianze na haki yake, maana inastahili. Watu wetu wanasikilizia nyimbo kwenye simu. Uzi mnene wa gitaa la besi unapiga hezi 41 hivi, yaani mitetemo 41 kwa sekunde, na spika ya simu haifiki huko hata uibembeleze. Unamiksi mpaka sabufa inatetemesha madirisha, mteja anafungua wimbo kwenye simu yake, anakutazama: "Kaka, besi umeiweka wapi?" Ukipandisha kwa ikwalaiza, ile ya kuongeza na kupunguza sauti za chini na za juu, ndiyo unaharibu kabisa, sauti nzima inabanwa na simu bado haisemi kitu. Hii plagini inakwenda njia nyingine. Ile 41 inaizalishia harmoniki zake, yaani sauti za juu ambazo ni 41 mara mbili, mara tatu, mara nne: 82, 123, 164 na kuendelea. Zile za juu spika ndogo inaziweza, na sikio likishazipata linaijaza lenyewe noti ya chini ambayo haipo. Unaisukuma kidogo tu, ukizidisha besi inakwaruza. Nilipoisikia mara ya kwanza nilirudia kiitikio kimoja mpaka chakula kikapoa.

Sasa sikilizeni kilichonipata majuzi. Kwaya moja ilitoka vijiji vya ziwani, upande wa kaskazini, wamechangishana nauli na hela ya kurekodi. Siku ya kuchukua kazi yao boti ilikuwa bandarini Kibirizi inapakia, na ile haimngoji mtu. Natoa faili la mwisho, nampa mwalimu wao hedifoni. Ubeti wa kwanza anatabasamu. Kiitikio kinaingia, sauti zote nne zimepanda pamoja, besi ikazimika. Kimya huko chini, kisha ikarudi, kisha ikazimika tena. Mwalimu akavua hedifoni taratibu, akaniuliza, "Kijana wangu, hapa tulikosea?"

Mzee wa watu anajitafutia kosa lisilo lake!

Leseni nilikuwa nimeilipia. Plagini ilitaka tu kwenda mtandaoni kujihakiki, mtandao siku hiyo umelala, basi ikajirudisha kwenye hali ya majaribio na kuanza kukata sauti bila kuniambia neno. Nikaunga bando la simu, ikadai haiitambui kompyuta yangu. Nikawaandikia huduma kwa wateja, nikaeleza kwamba kuna watu wanaondoka na boti. Jibu lilikuja wenyewe wakiwa wameshaondoka mikono mitupu: tatizo ni intaneti ya huko kwenu, ombi lako limefungwa. Hakuna pole, hakuna jina la aliyejibu. Huko kwetu! Hela ya huku kwetu mbona hamkuikataa?

Kwaya nimewamalizia kwa njia ya mkono. Nimenakili traki ya besi, ile nakala nikaikata chini yote, nikaitia disto, ile ya kukwaruzisha sauti, iliyokuja na programu ya kurekodia, nikaichanganya kidogo kidogo chini ya ile halisi. Kwenye simu inasikika. Mwalimu nimemtumia, ameshukuru sana.

Lakini nasema ukweli, ule unene haupo. Nimeziweka zote mbili sambamba, yangu inasikika, ya kwao inajaa. Nilianza kuandika haya nikiwa nimewapa nyota moja, sasa naona mkono unataka kuweka tatu kwa ajili ya fundi aliyetengeneza ile sauti, maana huyo hakunikosea. Aliyenijibu ndiye simpi hata nusu. Usajili unaisha mwisho wa mwezi na niliapa silipii. Ila kuna kijana wa Ujiji ananiletea nyimbo zake wiki ijayo, na besi zake ziko chini sana.