Beringi za mashine ya kufulia: tangi la skrubu au lililounganishwa kwa joto?

Chomoa plagi, zungusha ngoma kwa mkono. Ikikwaruza, na ukiiinua ukingoni inachezacheza, beringi zinazobeba mhimili wake zimekwisha. Sasa tazama tangi la nje, lile linaloizunguka ngoma.

Likiwa la vipande viwili vilivyofungwa kwa skrubu, linafunguka: gonga beringi kuukuu zitoke, weka mpya pamoja na sili mpya, yaani mpira unaozuia maji yasifike kwenye beringi. Sili usiirudishe ya zamani kamwe. Mara nyingi ndiyo iliyoanza kupitisha maji yakatia beringi kutu. Kazi ni ndefu, lakini inalipa.

Tangi la plastiki lililounganishwa kwa joto halifunguki bila kukatwa. Wapo mafundi wanaolikata kwa msumeno na kulifunga upya kwa silikoni na skrubu. Mimi siliamini ngoma ikizunguka mara 1,400 kwa dakika. Hapo nunua tangi zima na ngoma yake.