Malaika wamenifundisha adabu: ninavyowaona baada ya mwaka na nusu

Kama ndiyo kwanza unanunua tangi la samaki wa mapambo, usianze na malaika (angelfish). Waweke wawe samaki wako wa pili. Nasema hivi nikiwa na wawili mbele yangu, wanene, mapezi marefu kama kanzu, na siwauzi hata kwa dawa. Samaki wenyewe hawana ubaya. Ubaya ni kwamba anayeanza humnunua malaika kwa jicho kwanza, halafu ndiyo anatafuta tangi, halafu ndiyo anauliza habari za maji. Mimi nilifanya hivyo hivyo, na nilizika watatu ndani ya siku tisa.

Mimi ni fundi friji hapa Ligula, Mtwara mjini. Msimu wa korosho ukifunguliwa Oktoba, wakulima wakianza kulipwa, friji zilizolala mwaka mzima bila gesi zinaletwa kwa mkokoteni, kwa bajaji, nyingine na mende wake. Novemba 2023 mfuko ulikuwa umenona kidogo, binti yangu ananisumbua na picha za samaki kwenye simu, nikasema haya. Nilipata tangi la sentimita 40 kwa 25 kwa 25, yaani lita 25 likijaa hadi mdomoni. Nikapiga simu duka moja la Dar, nikaagiza malaika watano, elfu nane kila mmoja. Muuzaji nikamuuliza, niwaandalie nini? Akanijibu, "Weka maji, washa pampu, wamwage humo siku hiyo hiyo." Dukani wao wanawaita enjeli. Malaika ni jina la nyumbani kwangu.

Walisafiri kwa basi la alfajiri, zaidi ya kilomita 550, ndani ya mifuko miwili ya plastiki iliyojazwa oksijeni, ndani ya boksi la foma. Saa kumi jioni niliwapokea stendi wakiwa hai wote watano, kila mmoja mwili wake sawa na sarafu ya shilingi mia mbili. Mifuko nikaiacha ielee juu ya maji dakika ishirini ili joto lilingane, hilo nalijua, ni kazi yangu. Wakaingia. Jirani yetu, bibi mmoja anayeuza mihogo, akaja kuwaona.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Fundi, hawa wanaliwa?"

"Hapana bibi, wa kutazama tu."

Akawatazama kweli, kwa muda, akasema, "Basi huyu perege aliyekonda." Tukacheka. Baadaye nikagundua bibi hakukosea sana, maana malaika na perege ni wa ukoo mmoja. Mmoja kwao mito ya Amazoni kule Amerika ya Kusini, mwingine kwao kwetu.

Siku ya nne mmoja alikuwa anaelea juu karibu na pampu, matamvua yanafunguka na kufunga haraka haraka kama mtu aliyepanda ngazi. Siku ya sita akawa chini. Hadi siku ya tisa nimebaki na wawili. Maji yalikuwa meupe safi, ungeweza kuyanywa, na hapo ndipo nilipodanganyika. Sumu yenyewe haionekani. Kinyesi cha samaki na chakula kinachooza vinatoa amonia. Tangi lililokaa muda lina bakteria kwenye sponji ya chujio na kwenye mchanga, wanaoigeuza amonia kuwa nitriti, kisha wengine wanaigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo si kali, unaitoa kwa kubadilisha maji. Tangi jipya halina hao bakteria. Wanachukua wiki nne hadi sita kuzaliana vya kutosha. Ni kama umejenga nyumba, watu wakahamia, choo hakijachimbwa.

Na kuna jambo la kwetu pwani ambalo sijasikia muuzaji akilisema. Ardhi ya huku ni mawe ya matumbawe, maji yana chokaa. Angalia birika lako ndani lilivyo na ukoko mweupe. Maji ya namna hiyo yanaelekea upande wa magadi, na amonia kwenye maji ya magadi inakuwa kali kuliko kwenye maji yenye uchachu. Joto nalo linaiongezea makali. Kwa hiyo kosa ambalo mtu wa Njombe, kule kwenye baridi, angeweza kuponea, Mtwara linaua.

Wawili waliobaki niliwaokoa kwa kubadilisha theluthi ya maji kila siku, chakula punje chache mara moja kwa siku, mwezi mzima. Maji ya bomba nayalaza kwenye ndoo siku nzima na pampu ya hewa ndani ili klorini itoke. Januari nikaongeza wanne wengine, kutoka kwa muuzaji mwingine, na safari hii tangi lilikuwa tayari.

Tayari kwa maji, nasema. Kwa ukubwa halikuwa tayari. Hapa ndipo napenda ndugu zangu mnisikilize vizuri. Malaika hakui kwa kurefuka kama samaki wengine, anakua kwenda juu na chini. Yule wa sarafu, ndani ya miezi minane anakuwa na mwili wa kiganja, na ukipima kutoka ncha ya pezi la juu hadi ncha ya pezi la chini unafika sentimita 20. Kwenye tangi la kimo cha 25 lenye mchanga wa sentimita tano chini, samaki huyo anagusa dari na sakafu. Mapezi yanajikunja na hayanyooki tena. Nilimwona mmoja hivyo kwenye hoteli fulani, amejipinda kama feni iliyopigwa kiatu, na wageni wanampiga picha.

Nikanunua kioo cha milimita nane, silikoni ya akwaria (siyo ile ya bafuni yenye dawa ya ukungu, hiyo inaua), nikajenga mwenyewe: 80 kwa 40, kimo 50. Lita 160. Kumbuka lita moja ni kilo moja, kwa hiyo ni kilo 160 kabla hujahesabu kioo na mchanga. Meza ya kwanza ilianza kulia usiku. Nikachomelea stendi ya vyuma vya friji kuukuu na ndiyo inayobeba hadi leo.

Sasa mazuri, kwa sababu Mtwara ina mazuri yake. Malaika wanataka maji ya nyuzi 24 hadi 28. Wenzetu wa nchi za baridi wananunua hita. Mimi sina hita na sijawahi kuwa nayo. Kipimajoto changu kilishuka hadi 23 usiku mmoja wa Julai, upepo wa kusi unavuma, samaki wakapunguza kula tu. Tabu ni Desemba hadi Februari, mchana yanafika 31, na maji ya moto hayashiki hewa nyingi. Hapo nagandisha chupa ya maji ya nusu lita na kuiacha ielee humo saa nane mchana, bila kuifungua. Fundi friji kukosa barafu ingekuwa aibu.

Chokaa nayo si kikwazo kama nilivyoogopa. Malaika wa mtoni kwao wamezoea maji laini yenye uchachu, lakini hawa wa madukani karibu wote wamezaliwa kwenye mashamba ya samaki, vizazi na vizazi, wanavumilia bomba letu. Maji ya kisima cha Shangani yenye ladha ya chumvi sijayajaribu na sitayajaribu.

Umeme ndio unaonikosesha usingizi. Ukikatika kwa muda wa saa mbili hakuna neno. Ukikatika usiku kucha, samaki wakubwa wanapanda juu kuvuta pumzi, na bakteria kwenye chujio nao wanaanza kufa. Usiku mmoja nilikaa na kikombe cha plastiki, nachota maji na kuyamwaga kutoka juu, nachota, namwaga, hadi mkono ukafa ganzi na mke wangu akaniuliza kama hawa ni samaki au wagonjwa. Siku iliyofuata nikafunga pampu ya hewa ya betri ya pikipiki. Bila hiyo pampu usinunue malaika huku kusini.

Na chakula. Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipopita na barabara ya Dar ikakatika maeneo ya Somanga, kopo langu la chakula lilikuwa limebaki vumbi. Nikaweka ndoo ya maji nyuma ya kibanda, mbu wakataga, na kila asubuhi nachota viluwiluwi kwa chujio la chai. Malaika hawajawahi kufurahia kitu kama kile. Ila chota kila siku bila kukosa. Ukiisahau ndoo wiki moja na zaidi, unaufugia mtaa mzima mbu.

Tabia zao. Muuzaji aliniambia ni wapole. Ni wapole kama paka aliyeshiba. Niliwahi kuweka neoni kumi, vile visamaki vyenye mstari wa buluu unaowaka. Asubuhi ya tatu nikahesabu vinne. Hakuna damu, hakuna magamba, malaika wote wanapepea taratibu kama wanaswali. Kinachoingia mdomoni kwa malaika mkubwa ni chakula, na neoni anaingia bila kusukumwa.

Dume na jike huwezi kuwatofautisha hadi wakati wa kutaga. Ndiyo maana watu hununua watano au sita wadogo na kuwaacha wachaguane. Wangu walichaguana Septemba. Nilijua kwa sababu wawili walishika kona ya bomba la chujio na wengine wanne wakajibana kona ya pili kama abiria wa mwisho kwenye daladala. Mmoja alichanwa pezi la mkia. Kisha jioni moja, nipo na spana mkononi, nikamwona jike anapanda taratibu kwenye lile bomba, tumbo limeligusa, na nyuma yake panabaki mstari wa vitone vya rangi ya kaharabu, vimepangwa kama shanga. Akifika juu anazunguka, dume anapita palepale, kisha jike anaanza tena chini. Nikaiacha friji ya mteja wazi. Mayai yalikuwa mamia, sikuweza kuyahesabu. Usiku kucha waliyapepea kwa mapezi ya kifuani, zamu kwa zamu, na yanayogeuka meupe wakiyatoa moja moja kwa mdomo.

Siku ya pili wakayala yote.

Nilikasirika kama mtu aliyedhulumiwa. Lakini jozi changa mara nyingi hufanya hivyo mwanzoni. Mkupuo wa nne ndio ulioanguliwa, na vifaranga wakaogelea wiki iliyofuata, wingu dogo la vumbi lenye macho. Wale wanne wengine nilishawahamisha kwa rafiki yangu mwenye duka la juisi Mikindani, vinginevyo wangeuawa.

Kwa hiyo uzuri nawapa kumi kwa kumi. Uvumilivu wa maji yetu, saba. Kumfaa mgeni, nne, na hiyo nne ni kwa mgeni mwenye tangi la lita zaidi ya mia moja, kimo cha sentimita 45 kwenda juu, pampu ya akiba, na wiki sita za kutazama maji matupu. Mwenye haraka achukue gapi (guppy), samaki mdogo. Gapi anapenda maji yenye chokaa, anazaa mwenyewe bila kuambiwa, tangi la lita 40 linamtosha, na ukikosea atakusamehe zaidi ya malaika.

Juzi kijana mmoja wa Chikongola alikuja na ndoo ndogo ya rangi akitaka malaika wawili wadogo, hela mkononi. Nikamuuliza tangi lake lina kimo gani. Akaweka mkono juu ya benchi, akauinua kidogo, kama anaonyesha urefu wa kuku. Nikamchotea gapi sita bure na kipande cha sponji kuukuu kutoka kwenye chujio langu, chenye bakteria wake, nikamwambia kisikauke njiani. Hakufurahi. Jana kapiga simu kuniambia mmoja ana tumbo kubwa, je, ni mgonjwa?