Nimeishi na Debian, FreeBSD na OpenBSD kwenye laptopu moja, uzoefu wangu huu hapa

Nina ThinkPad X230 ya mtumba, RAM 8GB, nilichukua Kariakoo, betri yake imechoka umeme ukikatika inazima hapo hapo. Kwa karibu mwaka nimeipiga mifumo endeshi mitatu, vitu vya kundi la Windows: Debian, kisha FreeBSD, kisha OpenBSD, na kila mara nilifuta diski nzima nikaanza upya, sikutaka mambo ya kuonja onja.

Debian 12 haina stori ndefu. Unapiga kwa fleshi, waifai inashika yenyewe maana toka toleo hilo wanaweka femuwea (programu ndogo zinazoendesha vifaa kama kadi ya waifai) humo humo ndani, nusu saa uko kazini. Nilikaa nayo miezi minne sikumbuki hata ilinisumbua nini.

FreeBSD 14 sasa! Umemaliza kuipiga, unawasha, unakutana na skrini nyeusi na maandishi, basi, desktopu haiji nayo. Unaweka mwenyewe xorg ya kuchora madirisha, unaweka drm-kmod ya grafiksi, unaandika mstari wa i915kms (draiva ya grafiksi za Intel) kwenye rc.conf, faili la mipangilio ya mfumo, ndo unaanza kuona picha. Vidole vyangu vya Linux, yaani vya kule Debian, navyo vikaniumbua, kwenye ls, amri ya kuorodhesha mafaili, nimezoea kuandika jina la folda kwanza halafu -l (ya kuonyesha maelezo zaidi) mwishoni, ls ya FreeBSD ikaniambia hakuna faili linaloitwa -l. Nikacheka peke yangu usiku ule. Bash, programu ya kupokea amri niliyoizoea, nayo hamna mpaka uiweke.

Lakini kitu kilichoniteka ni usafi wake aisee. Karibu chochote ulichoongeza kwa pkg, amri ya kuweka programu, kinakaa kwenye folda ya /usr/local, mpaka konfigi zake, mfumo wenyewe hauguswi, na unaapdeti kivyake kwa freebsd-update. Ukitaka kurudi mwanzo unafuta programu zote na mfumo bado mzima umesimama. Hapo ndo nikaanza kujiuliza, hivi kwenye Debian yangu mfumo wenyewe unaishia wapi na programu zinaanzia wapi? Nikakosa jibu, maana kule kila kitu ni paketi (kifurushi cha programu) tu, keneli (kiini cha mfumo kinachoongea na vifaa) paketi, ls paketi.

Watu huwa wanasema "natumia Linux" kama vile Linux ni mfumo mzima, mimi pia nilikuwa hivyo. Linux aliyoanzisha Linus Torvalds 1991 ni keneli. Ichukulie kama chesesi ya lori, karakana ndo inakuja kujenga bodi ya basi juu yake, viti, madirisha, rangi. Vifaa vingi vya bodi, kama ls, ni vya GNU, mradi wa programu huria ambao Richard Stallman aliutangaza 1983 na ukakaa miaka bila keneli yake ya kueleweka, na Debian ndo karakana. Alpine, karakana nyingine, wanajenga kwenye chesesi ile ile bila vifaa vya GNU, Android nayo ni hivyo hivyo na hakuna anayeshika simu akasema hii ni Debian. Sasa BSD, familia ya FreeBSD na OpenBSD, ni basi lililotoka kiwandani zima, keneli na ls zimeandikwa kwenye mti mmoja wa kodi (ghala moja la maandishi ya programu) na timu moja, asili yake Chuo Kikuu cha California, Berkeley.

Ila kuna kitu kilinivuruga kichwa. Debian waliwahi kuchukua keneli ya FreeBSD wakaivalisha vifaa vya GNU na apt (amri ya Debian ya kuweka programu), ikatoka na Debian 6 mwaka 2011 kama jaribio. Hiyo utaiita nini? Kwangu mimi ni Debian bana. Anayekufungashia, anayekuletea apdeti, anayepokea lawama kikiharibika, huyo ndo mfumo wako, keneli yoyote iwe.

OpenBSD nilikaa nayo muda mfupi kuliko zote na ndo iliyonifurahisha kuliko zote, sijui kwa nini. Ukifunika laptopu inalala, ukifunua inaamka, man zake (kurasa za maelekezo) zimeandikwa na mtu anayekuheshimu, desktopu inakuja humo humo. Waifai ndo kizungumkuti: inataka femuwea, femuwea iko mtandaoni, na mtandao wangu ni waifai! Nikachomeka simu kwa waya, bando ya simu ikaingia kama kadi ya mtandao iitwayo urndis0, nikapiga fw_update, amri ya kushusha femuwea, ikakubali. Kilichonitoa ni umeme. Ukikatika ghafla, kuwasha tena kunaanza na fsck ndefu, yaani ukaguzi wa diski, maana faili sistimu yao (mpangilio wa mafaili diskini) haina jono, daftari la mabadiliko la kuepusha ukaguzi huo, na kwetu wiki ile ulikatika mara tano, nikanyoosha mikono. FreeBSD yenye ZFS, faili sistimu ya aina nyingine, ilikuwa inaamka kama hakuna kilichotokea.

Leo X230 ina Debian, sababu ni vikao vya kazini tu, programu ya vikao tunayotumia haina toleo la BSD na bosi hataki kusikia habari za mti wa kodi. FreeBSD nimeihamishia kwenye desktopu kuukuu sebuleni, diski mbili za ZFS zinazoakisiana, picha zote za familia ziko humo. Haina hata skrini, na mama watoto huwa anaweka chombo cha maua juu yake.